Ndoo ya Mama Zuhura

"Madam, kwa hiyo ujumbe ningeuweka wapi?"

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, nje ya ukumbi tulipotangazia matokeo ya shindano letu la watoto kuandika tamthilia. Wenzake walikuwa wanagombania juisi na maandazi ya mwisho. Mimi nimebeba spika, jasho linanitiririka, na dereva wa kirikuu ameshaanza kupiga honi. Mtoto huyu alisubiri niitue spika chini, ndipo akaniamkia, ndipo akauliza.

Mkononi alikuwa na karatasi yake ya alama. Tuliwapa washiriki wote karatasi zao baada ya kutangaza matokeo. Lilikuwa wazo langu, ili watoto wajue walipokosea. Kwenye mstari wa ujumbe nilikuwa nimempa 4 kati ya 30, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nimeandika neno moja: "Hauonekani."

Nikamjibu. Nilimwambia angeweza kuuweka mwishoni; mhusika mmoja, labda mtu mzima, aseme neno ambalo watazamaji wataondoka nalo. Nilisema kwa upole kabisa. Akaitikia kwa kichwa, vile wanafunzi wanavyoitikia wakitaka uwaachie waende zao.

"Ahsante, madam."

Hii ni wiki ya saba, na bado niko pale nje ya ukumbi na spika yangu.

## Skripti 41

Kikundi chetu ni cha mtaani, watu kumi na wawili, tunafanyia mazoezi kwenye darasa moja huku Temeke kwa hisani ya mwalimu mkuu. Miaka yote tumeigiza mambo yaliyoandikwa na watu wazima kuhusu watoto. Mwaka huu tukasema hebu tuwape watoto kalamu. Darasa la sita hadi kidato cha nne, kurasa zisizozidi 10, wahusika wasiozidi 6, na hadithi inayoweza kuigizwa mahali penye meza na viti viwili.

Sharti la meza na viti viwili hakuna aliyelisoma.

Kulikuwa na skripti ambayo ndege inatua kwenye onyesho la pili. Kulikuwa na nyingine ambayo "miaka kumi inapita" mara tatu katika ukurasa mmoja, na mhusika mkuu bado yuko kidato cha kwanza. Saba ziliishia na ITAENDELEA, kwa sababu ukimwambia mtoto wa Dar "tamthilia" anaona ile ya kwenye king'amuzi, ya kila siku saa moja usiku. Mmoja alimtuma mwalimu wake atuulize tunataka episodi ngapi.

Nilicheka sana ile Jumapili tuliyokaa kusahihisha. Tulikuwa majaji wanne, chupa mbili za chai, marobota ya karatasi katikati.

Mada zilikuwa zile zile. Mimba, unga, UKIMWI, baba mlevi, mtoro anayeishia jela. Waovu wote walikufa. Kwenye skripti moja walikufa mpaka waliokuwa wanapita njia. Na nyingi, nyingi mno, zilifungwa na hotuba: mwalimu mkuu, daktari, mjumbe wa nyumba kumi. Moja ilifungwa na marehemu mwenyewe, aliyefufuka kwa dakika moja kuwaasa vijana wenzake kisha akarudi kufa.

Huyo nilimpa 26.

## Nyuma ya daftari

Ya kwake ilikuwa kurasa 6, nyuma ya daftari la Jiografia. Alikuwa amelipindua juu chini na kuanza kuandika upande wa pili, kwa hiyo ukifungua huku unakutana na aina za mvua, ukifungua kule unakutana na foleni ya maji.

Ni saa nane usiku. Mtaa uko kwenye mgawo, maji hayajatoka wiki nzima, na leo yametoka. (Waliokuwa Dar mwishoni mwa 2022, maji ya Ruvu yalipopungua, hawahitaji maelezo.) Ndoo zimejipanga kwa siku nyingi, zenyewe, bila watu, kila moja inamshikia mwenyewe nafasi. Dada na mdogo wake wamekalia zao. Wanabishana nani kavaa kandambili za nani. Foleni inasogea ndoo moja moja.

Kuna ndoo ya bluu, mpini wake umefungwa kitambaa cha kijani. Kila foleni ikisogea, aliye nyuma yake anaisukuma kwa mguu.

MDOGO: Hiyo ya bluu ya nani?

DADA: Isogeze.

MDOGO: Ya nani?

DADA: Si nimekwambia isogeze.

Ukurasa wa nne mdogo anasema ubwabwa wa Alhamisi ulikuwa mtamu, dada anamkata jicho, na hapo ndipo unajua, kama ulikuwa macho, kwamba Mama Zuhura aliiweka ndoo yake kwenye foleni Jumatatu na akazikwa Alhamisi. Hakuna aliyeiondoa. Hakuna aliyejua nani aiondoe.

Maelekezo ya mwisho nayanakili kama alivyoandika: "Zamu ya ndoo ya bluu inafika. Mwanamke wa nyuma anaiweka bombani. Inajaa. Anaitoa anaiweka pembeni. Anaweka ya kwake. MWISHO."

Nilisoma, nikanywa chai, nikaandika 4.

Kwenye usafi wa kazi nilimpa 3 kati ya 10, kwa sababu ya daftari. Akawa wa tisa.

Aliyeshinda ni kijana wa kidato cha tatu aliyeandika kuhusu dawa za kulevya, na skripti yake imejengwa vizuri, sina neno naye. Aliifuata karatasi yetu kuliko tulivyoifuata sisi.

## Karatasi yenyewe

Karatasi ya alama niliitunga mimi. Niliiandika kwenye simu, ndani ya daladala, kati ya Tandika na Kariakoo, nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp, wenzangu wakaweka dole gumba. Lugha 20, wahusika 20, muundo 20, usafi 10. Ujumbe 30.

Hakuna aliyeniambia niweke 30. Ndilo lililoanza kunikera. Mkono uliandika wenyewe.

Aliyefanya mtihani wa fasihi kidato cha nne anajua mkono huo umefundishwa wapi. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Kwa miaka mingi tamthilia zetu za darasani zilikuwa tatu, Ngoswe, Orodha na Kilio Chetu, na mbili kati ya hizo zinahusu UKIMWI. Ile ya tatu kuitaja hapo, kumbuka tulivyokuwa tukiandika jina la mwandishi: Medical Aid Foundation. Nimeliandika jina hilo kwenye mitihani sijui mara ngapi, mahali ambapo huwa linakaa jina la mtu, na sikuwahi kujiuliza. Tukakua tukijua tamthilia ni kitu kinachoandikwa na shirika ili kutuonya.

Halafu nikaja kula kwa kazi hiyo hiyo. Vikundi kama chetu vimeishi kwa maigizo ya uhamasishaji. Mfadhili anakuja na ujumbe umeshaandikwa, vyandarua, kupima, kunawa mikono, na sisi tunautafutia mlevi, mke wa mlevi na daktari. Mlevi anachekesha, mke analia, daktari anafunga. Nimekuwa mke wa mlevi tangu nina miaka ishirini na mbili.

Na kabla yetu kulikuwa na ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, akina Mathias Mnyampala walizipeleka shuleni: asiyejua anabishana na anayejua, beti kwa beti, mpaka asiyejua anakubali. Bibi na babu wengi wa leo walisimama mstarini wakiwa na kaptura na sketi za shule wakabishana hivyo kuhusu Ujamaa. Kwa hiyo mtoto anayefunga mchezo wake kwa mwalimu mkuu kanakili vizuri tu. Amerithi.

Lakini (hili nalo ni letu) wakati huo huo kulikuwa na vichekesho. Vikundi vya miaka ya 1980, akina Muungano, vilipanda jukwaani kwenye mabaa kati ya ngoma na sarakasi, wasanii wakiwa wamepeana kisa tu, maneno yakizaliwa pale pale. Funzo lilikuwemo. Ila ukikichelewesha kicheko, watu wanarudi kwenye bia zao.

Wale walisikiliza watazamaji kuliko mimi nilivyosikiliza daftari lile.

## Mama wa genge

Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili nzima, maana nilitaka kuandika makala ya kuulaani ujumbe, na siwezi.

Mwaka 2005 tuliigiza sokoni, juu ya mkokoteni, kuhusu kupima. Tulipomaliza, mama mmoja mwenye genge alibaki. Alizungukazunguka mpaka watu wakapungua, akamfuata "daktari" wetu, ambaye kwa kweli ni fundi cherehani, akamuuliza kwa sauti ya chini wanapimia wapi. Fundi cherehani akavua koti jeupe, akamsindikiza mpaka kwenye hema.

Anayetaka kusema maigizo yale yalikuwa upuuzi, aseme. Mimi nilimwona yule mama akiingia hemani.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, kwa wafadhili hasa. Huwa naishia hapo kwenye hema.

Wiki ya tatu, usiku, nikakumbuka kilichofuata. Kilikuwepo siku zote, nilikuwa nakiruka. Yule mama alitoka, akaja moja kwa moja kwangu, mimi niliyekuwa mke wa mlevi, akasema: "Ulivyoificha ile bahasha kwenye pipa la unga. Mimi niliweka kwenye mchele."

Bahasha kwenye unga haikuwemo kwenye skripti ya mfadhili. Siku ile niliikuta bahasha mkononi, nimesahau kuitua, nikaona pipa, nikaitumbukiza. Haikuwa hata akili. Hotuba ya daktari, ambayo tulilipwa kwa ajili yake, mama yule hakuigusa.

Nilikaa kitandani nikawaza ndoo ya bluu.

## Maneno ya nani

Rafiki yangu aliyewahi kufundisha Kenya aliniambia nisijitese, wao wana tamasha la maigizo ya shule tangu 1959, kubwa, la nchi nzima, na bado skripti nyingi zinaandikwa na watu wazima wanaolipwa. Alisema kama anayenifariji.

Halikunifariji. Lilinikumbusha Aprili 2025, Nakuru, kwenye tamasha hilo hilo, wasichana wa shule ya Butere. Skripti yao, iliyoikosoa serikali, iliandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta. Siku ya kuigiza kulikuwa na polisi na mabomu ya machozi; wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Niliwashangilia kama watu wengi walivyowashangilia. Nimerudi kuyasoma yale mabishano, na yote ni ya mwandishi na serikali. Natafuta wale wasichana wangeandika nini daftari lingekuwa lao. Sikuti.

Na hapa kwetu dawa tulishapewa zamani. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme kwenye shule za sekondari. Wasichana wenyewe wanataja kinachowasumbua, wanatafuta chanzo chake, wanakitengenezea igizo, wanaigiza mbele ya walimu hao hao wanaohusika, kisha watu wanajadili. FAWE, shirika la Afrika la elimu ya wasichana, wakaichukua wakaipeleka nchi nyingine za Afrika. Jina lenyewe limeeleza kila kitu: nafsi ni ya wanaosema.

Mimi nilimpa mtoto kalamu, nikamshika mkono ulioshika kalamu.

## Tulipoisoma

Wiki ya tano nilimtafuta kupitia mwalimu wake wa Kiswahili, nikazungumza na mama yake kwanza, nikaomba ruhusa tuisome skripti kwa sauti. Wasanii wote wa kikundi, viti vya duara, yeye pembeni karibu na mlango, begi mapajani, kama mtu aliyeitwa ofisini.

Mwenzetu mmoja, mwigizaji mzuri wa siku nyingi, alipewa yule mwanamke wa nyuma ya ndoo ya bluu. (Ni mwanaume, kwetu hilo si neno.) Akafika mwisho. Akaweka ndoo ya kufikirika, ikajaa, akaitoa, akaiweka pembeni. Kisha akageuka kwenye viti vitupu, akanyoosha mkono, akasema: "Ndugu zangu, maisha ni kama foleni..."

Tuliangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mdomo ulifunguka wenyewe.

Mtoto hakucheka. "Hapo hakuna anayesema," alisema.

Tukarudia. Safari hii tukatoka nje kwenye bomba la shule, na ndoo ya kweli, ya lita 20. Presha ilikuwa ndogo. Sijui kama umewahi kusimama na watu wazima kumi na wawili mkitazama ndoo inajaa, hakuna ruhusa ya kusema, na mnajua ni ya mtu aliyekufa. Sauti ya maji inabadilika yakianza kupanda. Mwanzo inagonga plastiki, halafu inakuwa nene.

Ikajaa. Ikatolewa. Ikawekwa ya pili.

Mkubwa wetu kikundini, ambaye wote tunamwita Mama, ndiye aliyevunja ukimya. Alimgeukia mtoto. "Mwanangu, hapa umeandika wanaisukuma kwa mguu."

"Ndiyo, shikamoo." Alikuwa amechanganyikiwa, alishaamkia mwanzoni.

"Ya mtu aliyepo tunasukuma kwa mguu. Ya marehemu, hapana. Utainama. Utaisogeza kwa mkono."

Kimya.

"Wote wanajua amekufa," mtoto akasema polepole, akiipima. "Kwa hiyo wakiinama..."

"Enhee."

Akafungua begi akatafuta penseli.

Wanaojua habari za igizo la kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, Kenya, mwaka 1977, wanajua wanakijiji walivyokuwa wakiwasahihisha waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mazoezini, huyu anasema mzee haongei hivyo, yule anasema kiwandani hakusemwi hivyo. Nimewahi kulieleza jambo hilo kwenye semina, na slaidi. Ilinibidi nisimame kwenye bomba kulielewa.

Halafu likaja lile jingine, la aibu zaidi. Skripti 41 za maigizo, vitu vilivyoandikwa vitamkwe, na sisi majaji wanne hatukutamka hata mstari mmoja. Tulizisoma kimya kimya kama barua za maombi ya kazi. Zile arobaini zilizobaki, ile yenye ndege, ile ya marehemu anayefufuka, sijui zinasikikaje.

## Mstari wa kwanza

Kikao cha karatasi mpya ya alama kilikuwa Jumapili iliyopita na hakikuisha vizuri. Wengine wanataka ujumbe ushuke mpaka 10. Mwigizaji wetu wa "maisha ni kama foleni" anataka uondolewe kabisa, na anaongea kwa hasira ya mtu aliyeokoka juzi. Mtunza hazina akakumbusha kwamba aliyetoa zawadi, mabegi na madaftari, atauliza watoto wamejifunza nini, na tutamjibu nini, ndoo? Mimi nilimtaja mama wa genge na bahasha yake, nikaona nawachanganya zaidi. Tulichokubaliana ni kimoja: mwakani hakuna skripti itakayopewa alama kabla haijasomwa kwa sauti, hata kama itatuchukua wiki tatu. Mstari wa kwanza wa karatasi tumeuacha wazi.

Jana nilimrudishia daftari. Nilikuwa nimekaa nalo muda wote huu, na mtihani wa kidato cha pili umekaribia. Mwalimu wake alishanitumia ujumbe mara mbili, wa pili bila salamu. Kurasa zake 6 nilizipiga picha kwanza kwa idhini yake.

Alilipokea kwa mikono miwili. Hakufungua upande wa foleni. Alifungua upande wa Jiografia, akahesabu kurasa kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho.

"Nilidhani mmechana."

Nikamwambia hatujachana. Nikataka kumwambia na kuhusu ile 4, nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini macho yake yalikuwa kituoni, daladala yake inakuja imejaa.

"Madam, mwakani bado ni kurasa kumi?"

"Kumi."

"Na vitu vya jukwaani, bado ni meza na viti viwili?"

"Kwa nini?"

"Ninayo nyingine nimeanza," alisema, anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni mwa gari, daftari kifuani. "Hii ina ndege."